Huyu Pogacar anapanda milima aje hivi? Ama ni macho yetu yameharibika (UZI)

mpando_wa_rironi (mwenye uzi)
Wasee salamu. Hii kitu imenikaa rohoni tangu Tour de France ya 2024, zile mbio kubwa za baiskeli, na leo nimeamua kuimwaga hapa, wa kurusha mawe arushe tu.

Mnakumbuka hatua ya 15, mlima wa Plateau de Beille? Nilikuwa sebuleni na kikombe cha chai, Vingegaard, mpinzani wake mkubwa, akajaribu kutoroka, Pogacar, yule bingwa wa Slovenia, akamjibu, na zikiwa zimebaki kama kilomita tano hivi akamwacha hapo barabarani kama mtu aliyeshuka matatu. Nikapiga mayowe mpaka jirani akagonga ukuta. Halafu zikaja hesabu za muda. Rekodi ya ule mlima ilikuwa ya Marco Pantani, 1998. Pantani wa 1998 hatuulizani, ile ilikuwa enzi ya EPO kabisa, ile sindano ya kuongeza seli nyekundu za damu, na mwaka uliofuata alitolewa kwa Giro, mbio za Italia, akiwa anaongoza, kwa sababu hematokriti yake, yaani kiasi cha seli nyekundu kwa damu, ilisoma 52 na mwisho ulikuwa 50. Sasa Pogacar amekata rekodi ya huyo kwa zaidi ya dakika tatu. Si sekunde, ni dakika. Na Vingegaard aliyeachwa pia ameivunja!

Nikanyamaza. Kijana wangu ananiuliza baba mbona hushangilii tena, nikakosa la kumwambia. Mimi napanda kutoka Mai Mahiu kuja Rironi karibu kila wiki katikati ya malori na moshi, najua kukata dakika moja kwa mlima ni miezi mingapi ya kuamka saa kumi. Kwa hivyo nauliza tu, mtu msafi anampitaje aliyejidunga?

kijana_wa_stendi
Umejijibu mwenyewe boss. Wote wanadunga. Uzi ufungwe.

ShekheSpoki
Ngoja ngoja, usifunge kitu. Mie ni fundi, baiskeli za mwaka 98 nimezishika kwa mikono hii, zinakuja kwenye makontena mpaka leo. Tairi nyembamba kama uzi wa kushonea, mtu anaijaza upepo mpaka iwe jiwe akidhani ndo mwendo. Siku hizi wanapanda tairi pana, upepo wa wastani, haina tyubu ndani, yamiminika barabarani kama maji. Cheni yapikwa kwa nta badala ya oili. Uzito nao, tangu 2000 sheria yasema baiskeli isipungue kilo 6.8, na timu nyingi zimekaribia hapo hapo.

Halafu chakula! Zamani hao jamaa walikuwa wakiogopa kula, eti wepesi ndo mwendo. Leo mpandaji mkubwa anasukuma mpaka gramu 120 za wanga kila saa. Nduguyangu hiyo ni kama ndizi tano, kila saa, kwa saa tano, na asitapike. Tumbo lafanyishwa mazoezi kama mguu. Na siku hiyo unayoisema timu ya Vingegaard ndo ilokuwa mbele yavuta kasi tangu mwanzo wa mlima, kwa hiyo muda lazima ungekuwa mzuri. Sisemi ni msafi, sisemi ni mchafu. Nasema mlima wa 98 na mlima wa 2024 si mlima mmoja.

mpando_wa_rironi
Shekhe nakuheshimu lakini tairi na ndizi zinalipa dakika tatu nzima?

ShekheSpoki
Zalipa nyingi kuliko unavyodhani. Zote? Hapo Mungu ndo ajuaye.

mama_gia
Mimi nitasema hii mara moja tu. Pogacar hajawahi kupatikana na chochote. Hakuna kipimo, hakuna shahidi, hakuna mfuko wa damu kwa friji ya mtu. Nyinyi mnamhukumu kwa saa ya mkono. Mtoto wa mtu anaamka asubuhi anafanya kazi yake mnamwita mwizi kwa sababu ni hodari, hiyo si haki.

kijana_wa_stendi
Mama gia, Lance Armstrong pia hakuwahi kupatikana. Alishinda Tour saba!! 1999 mpaka 2005. Alipimwa mpaka akachoka na kila siku wimbo ni ule ule, sijawahi kupatikana, sijawahi kupatikana.

dada_wa_maabara
Samahani nirekebishe hapo. Alipatikana, 1999 hiyo hiyo, na kotikosteroidi, dawa ya kutuliza uvimbe. Ikatolewa karatasi ya daktari iliyoandikwa tarehe ya nyuma ikisema ni krimu ya vidonda vya kukalia baiskeli, mambo yakaisha. Alivuliwa zile Tour 2012, na Januari 2013 ndo akakiri kwa televisheni.

Na kwa sababu mmetaja hematokriti wacha nieleze, hii ndo kazi yangu kila siku. Unachukua damu kidogo kwa kimrija chembamba cha glasi, unaziba upande mmoja, unaiweka kwa mashine inazunguka dakika tano. Ukiitoa unakuta imejigawa, chini nyekundu tii, juu majimaji ya rangi ya chai ya limau, katikati kamstari keupe. Unapima ile nyekundu ni sehemu gani ya yote. Mwanaume mzima mzima anakuwa hapo kati ya 40 na 50 kwa mia, na sisi wa Nairobi tunaoishi juu huku tunaweza kuwa juu kidogo kuliko mtu wa Mombasa. Sasa Bjarne Riis aliyeshinda Tour ya 1996, na 2007 akakiri mwenyewe kwamba alitumia EPO, wenzake walikuwa wanamwita Bwana Asilimia 60. Sitini! Nikiona hiyo kwa mrija wangu naita daktari mbio, hiyo si damu ni uji.

Kilichonikera mimi ni kingine. EPO si dawa ya uchawi, ni dawa ya wagonjwa. Watu wa figo wanaosafishwa damu mara mbili kwa wiki wanaihitaji juu figo zao haziitengenezi tena. Nimeona familia ikichanga kwa simu, mia mbili mia mbili, sindano inunuliwe. Halafu kuna mtu ana figo mbili nzima anaichoma ndo apande mlima haraka.

kijana_wa_stendi
Daah. Hapo umenimaliza.

mpando_wa_rironi
Dada swali, na hii pasipoti ya damu si imemaliza haya mambo?

dada_wa_maabara
Imepunguza, haijamaliza. Zamani hata kipimo cha EPO chenyewe hakikuwepo, kilianza kutumika 2000 huko Olimpiki ya Sydney, kabla ya hapo 1997 waliweka tu ule mpaka wa 50. Unajua mpaka ukiweka 50 watu wanafanya nini? Wanacheza 49 na nusu. Ndo 2008 ikaja pasipoti ya kibayolojia, haitafuti dawa, inafuatilia damu yako wewe mwenyewe mwaka baada ya mwaka, ikiruka bila sababu unaulizwa. Nzuri. Lakini wajanja wakahamia kwa dozi ndogo ndogo, unachoma kidogo kwa mshipa usiku na ikifika asubuhi imeshapungua kwa mkojo. Na maji ya chumvi je? Unatundikiwa dripu damu inakuwa nyepesi, kipimo kinashuka. Ripoti ya Marekani kuhusu Armstrong imeandika kwamba mashindano ya dunia ya 1998 daktari wa timu alipitisha mfuko wa maji ya chumvi ndani ya koti la mvua, mbele ya mkaguzi. Mkaguzi amesimama hapo hapo.

kijana_wa_stendi
😂😂 hiyo ni ya Nairobi kabisa, kupitisha kitu kwa koti askari akikuangalia

wakili_mtoro
Nimesoma uzi wote nikingoja mtu ataje Froome na hakuna aliyetaja. Tunaogopana ama?

mama_gia
Froome ni wetu akishinda. Akishukiwa ni Mwingereza. Hiyo ndo sheria ya hapa 😅

wakili_mtoro
Haya nitaje mimi. Amezaliwa hapa hapa Nairobi 1985, amefundishwa na David Kinjah pale Kikuyu, Mai-a-Ihii, akapanda na jezi ya Kenya mpaka 2008 akabadilisha leseni. Tour nne, 2013, 2015, 2016, 2017. Sasa Septemba 2017 akiwa kwa Vuelta, mbio za Uhispania, mkojo wake unasoma salbutamol nanogramu 2,000 kwa mililita, mpaka ni 1,000. Salbutamol ni nini? Ni ile pampu ya buluu ya pumu ambayo kila nyumba hapa iko na mtu anayo kwa mfuko. Kanuni za wakati ule zilikuruhusu mipulizo kama 16 kwa saa 24, zaidi ya hapo ujieleze.

Kesi ikakaa miezi. Tukajua Desemba kupitia magazeti, si kupitia wakubwa. Katikati hapo akashinda Giro ya 2018 kwa lile shambulio la kilomita 80 peke yake kupitia mlima wa Finestre, mimi nililia, sidanganyi. Tarehe 2 Julai 2018 kesi ikafungwa, siku tano kabla Tour ianze. Hana hatia.

Sawa. Lakini wapandaji wengine kwa salbutamol hiyo hiyo, Petacchi 2007 alisoma 1,320 akafungiwa mwaka. Ulissi 2014 alisoma 1,920 akala miezi tisa. Tofauti ni nini? Mimi nafanya kazi kwa korido za mahakama, nitawaambia tofauti. Tofauti ni wakili.

dada_wa_maabara
Si wakili peke yake. Walirekebisha kwa sababu mkojo ulikuwa mzito, mtu amepanda siku 18 amekauka, hesabu ikashuka mpaka kama 1,400. Na salbutamol ni jeuri kweli, watu wawili wanavuta sawa mkojo unasoma tofauti.

wakili_mtoro
Na hayo yote aliyaleta nani mezani? Wakili na mtaalamu wa kulipwa. Ulissi naye hakukauka?

ShekheSpoki
Mie Froome namwamini kwa jambo moja tu. Kichocho. Alipogunduliwa ana kichocho 2010 Wazungu wengi wakacheka, eti kisingizio gani hicho, mgonjwa leo kesho aongoza milima. Muulize mtu wa Mwea alolima mpunga miguu ndani ya maji, kichocho chafanya nini mwilini. Mtu aburuta miguu miaka, akitibiwa anakuwa mtu mwingine kabisa. Kwetu hilo ni jambo la kawaida, kwao ni hadithi.

kijana_wa_stendi
2015 si walimrushia mkojo kwa kikombe wakimwita mdungaji. Mkojo bana. Hata kama unashuku mtu hiyo ni aibu.

mama_gia
Na sisi tusijifanye watazamaji hapa. Wakimbiaji wetu je? Asbel Kiprop, EPO. Rita Jeptoo, EPO. Sumgong, dhahabu ya Rio, EPO. Ruth Chepngetich ameweka rekodi ya dunia Chicago 2024, saa mbili dakika tisa na sekunde 56, mwaka uliofuata amefungiwa miaka mitatu kwa dawa ya kukojoza, na maelezo yake yakawa eti alimeza dawa za mfanyakazi wa nyumbani. Taifa Leo imeandika neno pufya, yaani dawa haramu za michezo, mpaka hata nyanya yangu analijua. Kwa hivyo Mfaransa akiona Mkenya anakimbia anafikiria kile kile mnachofikiria mkiona Pogacar akipanda. Mnapenda hivyo?

mpando_wa_rironi
Sipendi. Ndo maana naumia.

mama_gia
Nilikuwa Kigali Septemba 2025, mashindano ya dunia, mara ya kwanza Afrika. Tulienda na basi, safari sitaki hata kuieleza. Nilisimama pale Kimihurura kwa mawe, kile kipando kifupi kikali. Pogacar alikuwa ameshashambulia zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100 na alipita mita moja kutoka kwangu, jezi ya Slovenia, nikasikia cheni. Hiyo tu, cheni na pumzi. Chumvi imekauka hapa shavuni. Watoto wa Kigali wanapiga masufuria. Waliomaliza siku hiyo walikuwa 30 tu. Mimi sina kipimo cha damu kwa macho yangu, lakini nilichoona ni mtu anafanya kazi.

wakili_mtoro
Dada, Armstrong pia alikuwa anatoka jasho. Pufya haiondoi jasho, inakuwezesha kutoka jasho zaidi kesho.

Na hebu niwaulize kitu, hesabuni hizi kesi kubwa zilifumuliwa na nani. 1998 timu ya Festina, ni watu wa forodha wa Ufaransa waliosimamisha gari la Willy Voet mpakani na Ubelgiji likiwa limejaa dawa. 2006 kesi ya Puerto, polisi wa Uhispania kwa Dkt Fuentes, mifuko ya damu ya watu kwa friji. 2019 kesi ya Aderlass, polisi wa Austria na Ujerumani. Armstrong, ni wenzake. Landis alianza kusema 2010, Hamilton akafuata, kabla yao Emma O'Reilly aliyekuwa anawakanda misuli alisema mapema na akatukanwa vibaya. Umeona kikombe cha mkojo hapo? Wadogo wananaswa na mkojo. Wakubwa wananaswa na polisi, forodha na midomo ya wenzao.

Kwa hivyo swali la saa na rekodi ni la kupoteza muda. Swali ni nani ataongea.

dada_wa_maabara
Na wanaoongea wanajua kitakachowapata. Tafuteni ile ya Simeoni, Tour ya 2004. Huyo Muitaliano alikuwa ametoa ushahidi dhidi ya Dkt Ferrari, daktari wa Armstrong. Siku hiyo Simeoni anatoroka kwenda kuungana na walio mbele, watu wasio na hatari yoyote kwa jezi ya njano, ile ya anayeongoza Tour. Armstrong mwenyewe, na jezi yake ya njano, anamkimbiza. Anamfikia, wanafika pamoja mbele, na wale wa mbele wanamsihi Simeoni arudi nyuma juu Armstrong akibaki pale hawataachwa kwenda popote. Akarudi. Na Armstrong kwa kamera akafanya hivi na vidole mdomoni, kufunga zipu.

kijana_wa_stendi
Mbele ya dunia yote? Hiyo ni ya genge.

wakili_mtoro
Na msafara mzima uliona ukanyamaza. Mwenye uzi nikuulize wewe sasa. Umepanda na timu miaka mingapi? Ungeona kitu ungesema?

*(kimya, siku mbili)*

mpando_wa_rironi
Nilikuwa nimeapa sitarudi kwa huu uzi.

Wakili umeuliza nitajibu. Mwaka sitaji, mahali sitaji, mtu sitaji. Mbio ndogo za mtaa nje ya Nairobi, zawadi ya kwanza elfu thelathini na mbuzi. Tulikuwa na jamaa kwa kikundi chetu, mkubwa wangu, nilikuwa namwita kaka na alinifundisha hata kubadilisha gia mlimani. Asubuhi akanipa flaski, ya chai, ile ya maua ya kina mama, akaniambia nishikie na usiifungue, barafu itayeyuka. Nikasikia inagongagonga ndani. Niliifungua. Barafu, na vichupa viwili vya glasi vidogo kama vya sindano ya kuku, kifuniko cha mpira, lebo imechunwa. Nikafunga. Akaja akaichukua, akaenda nyuma ya lori kama dakika kumi, akarudi ameshusha mkono wa jezi.

Alishinda kwa dakika nne.

Wa pili alikuwa kijana wa miaka 19, fremu ya chuma ya mitumba, kifungua kinywa chake kilikuwa viazi vitamu kwa karatasi ya nailoni nilimuona. Baada ya mbio alinifuata mimi, si kaka, mimi, akasema kaka nyinyi mnafanya mazoezi gani, mimi nimejituma mpaka nikaona giza na bado sikumuona mgongo. Na nikamjibu. Nikamwambia afanye intavo za mlimani, mara sita dakika nne nne, Jumanne na Alhamisi. Akatoa simu akaandika.

Mwaka uliofuata aliuza ile baiskeli akaongezea pesa ya deposti ya nduthi. Namuona wakati mwingine kwa steji, ananisalimia vizuri sana.

kijana_wa_stendi
...

mama_gia
Na wewe ndo umekuja hapa na saa kumhesabia Pogacar dakika.

mpando_wa_rironi
Ndio.

mama_gia
Basi sina neno. Nilikuwa na neno limeisha.

ShekheSpoki
Mama msamehe, kasema. Wengi hapa wana flaski zao hawajasema. Mie mwenyewe kuna mteja alinileta fremu nimtobolee tundu chini ya kiti, kipenyo cha mota, nikajifanya sina kekee. Sikumtobolea, lakini wala sikumwambia mtu. Na hii ni baada ya yule binti wa Ubelgiji kufungiwa miaka sita, 2016, kwa baiskeli ilokuwa na mota ndani. Nilijua kabisa.

wakili_mtoro
Sheria ya kupambana na pufya iko tangu 2016 na ADAK, shirika la Kenya la kupambana na pufya, ipo, mtu anaweza kupeleka taarifa. Huyo kaka bado anapanda?

mpando_wa_rironi
Aliacha. Goti. Sasa anafundisha vijana.

wakili_mtoro
ANAFUNDISHA VIJANA?

dada_wa_maabara
Mpando, hebu jibu hapo. Wangapi? Wa miaka mingapi?

mpando_wa_rironi
Kama kumi hivi. Wa mwisho niliyemuona ni mdogo kuliko kijana wangu.

dada_wa_maabara
Nakutumia ujumbe pembeni saa hii. Usilale kabla hujausoma.

kijana_wa_stendi
Na ile flaski iliishia wapi?

mpando_wa_rironi
Alinirudishia, na baada ya mbio akasahau kuichukua. Iko jikoni. Mke wangu anatilia chai ya wageni.